Fundi Mapema na Jumanne Zake

Ndugu, majirani, na ninyi washonaji na mafundi cherehani mliofunga vibanda asubuhi hii ili kumsindikiza mwenzenu: dada yangu, mjane wa marehemu, ameniomba nisome maisha ya mumewe. Nilikuwa shemeji yake tangu mwaka 1986, na shemeji hakosi la kusema. Nitajitahidi kushikamana na tarehe.

Marehemu alizaliwa Jumapili, tarehe 9 Machi 1958, mtoto wa pili na wa mwisho wa karani wa posta na mama aliyeshona sare za shule nyumbani. Mkunga alikuwa amemtarajia mwishoni mwa Februari. Mama yake alikuwa akisema kwamba hiyo ndiyo mara pekee aliyochelewa mwanawe, na kwamba aliilipia maisha yake yote.

Alianza shule ya msingi mwaka 1965, akamaliza kidato cha nne mwaka 1975. Akiwa darasa la sita aliwasilisha insha ya “Jinsi Nilivyotumia Likizo Yangu” siku moja kabla shule haijafungwa. Mwalimu alimwita mbele akamuuliza, “Likizo inaanza kesho. Haya umeyatoa wapi?” Akajibu, “Nimeyapanga, mwalimu.” Alirudishiwa daftari na kuambiwa akaishi kwanza, ndipo aandike. Ushauri ulikuwa mzuri, ila uliingia sikio moja ukatokea la pili.

Baada ya miaka miwili ya chuo cha ufundi, aliajiriwa mwaka 1979 na kiwanda cha nguo kama fundi wa mashine za kushonea. Kiwanda kilipofungwa mwaka 1994, alifungua karakana yake nyuma ya stendi ya mabasi, chumba kimoja chenye mlango wa bluu, benchi, taa ya kuning'inia na harufu ya mafuta ya mashine ambayo haikumtoka hata siku ya harusi ya binti yake. Akikuambia cherehani yako itakuwa tayari Alhamisi, Jumatano ilikuwa inakungoja mlangoni, imefutwa vumbi. Sote tunajua ahadi za mafundi, na mwanzoni wateja walimshuku. Wengine walidhani mashine hakuifungua kabisa. Walipozoea, wakamwita Fundi Mapema.

Tarehe 12 Julai 1986 alimwoa dada yangu, mwalimu wa shule ya msingi, na hadi mwisho alimwita “Mwalimu” tu. Walijaliwa binti mmoja, aliyezaliwa mwaka 1989. Nyumba yao ilikuwa ya utani mwingi na kelele chache. Kasoro moja dada yangu aliitaja waziwazi tangu mwaka wa kwanza: mumewe alikaa naye mezani huku mawazo yake yakiwa mwezi ujao.

Mwaka 2011 binti yao alimfungulia blogu. Marehemu aliandika kuhusu anachokijua: bobini inayokata uzi, mkanda uliolegea, mashine inayoruka mishono, mteja anayemlaumu fundi kwa sindano iliyopinda. Kila Jumanne, saa kumi na mbili asubuhi, makala mpya ilitoka. Washonaji walioisoma kabla ya kufungua vibanda waliamini mwandishi anaamka na majogoo. Mmoja alipiga simu dakika chache baada ya makala kutoka, dada yangu akapokea.

“Amelala,” akasema.

“Amelalaje, mama, na ameandika sasa hivi?”

“Ameandika mwezi uliopita. Sasa hivi anakoroma.”

Ndivyo alivyofanya kazi. Kwenye ukuta wa karakana palikuwa na kalenda kubwa, na juu ya kila Jumanne alichomeka pini ya kushonea yenye kichwa cha rangi. Nyeupe ilikuwa wazo, ya njano makala iliyoanzwa, nyekundu makala iliyokamilika, kuwekwa kwenye blogu na kupangiwa siku ya kutoka. Aliandika makala nne kwa mkupuo, Jumapili moja ya mwezi, kisha akaziacha zijitokee zenyewe. Mwezi wenye Jumanne tupu ulimkosesha raha, akawa anapita mbele ya kalenda kama mtu anayetafuta miwani.

Haraka haraka haina baraka, na mpango nao una siku yake ya kuumbuka. Harusi ya binti yake ilipangwa Jumamosi, tarehe 20 Agosti 2016. Marehemu, akijua atakuwa na shughuli nyingi, aliandika mapema makala ya shukrani na kuipangia Jumanne inayofuata. Alhamisi bwana harusi aliteleza bafuni akavunjika mguu. Harusi ikaahirishwa, watu wote wakapigiwa simu, na hakuna aliyeikumbuka pini nyekundu. Jumanne saa kumi na mbili asubuhi ikatoka: “Jumamosi tulimwoza binti yetu. Ndugu wote walifika, walikula, walicheza. Hakuna aliyekosekana.”

Dada mkubwa wa marehemu, ambaye yuko hapa na ameniruhusu niseme, ni msomaji mwaminifu wa blogu hiyo. Alipiga simu kabla ya saa moja.

“Kumbe mlituahirishia sisi tu?”

Marehemu alieleza, akaapa, akamtajia hospitali na wodi. Haikusaidia, maana maandishi yalikuwa ya mdogo wake mwenyewe, na mdogo wake hasemi uongo. Harusi ilipofanyika Oktoba alikuja amependeza, akasalimia watu wote, akatangaza kwamba amehudhuria ya pili kwa kuwa ya kwanza hakualikwa. Tangu hapo marehemu alijiwekea sharti la kutosema “tulifanya” juu ya jambo ambalo halijafanyika. Kupanga hakuacha.

Januari mwaka huu wa 2024 aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho. Daktari hakuficha kwamba muda uliobaki ni wa miezi. Marehemu alirudi nyumbani kupitia duka la vifaa vya kushonea, akanunua pakiti mpya ya pini nyekundu na karatasi kubwa ya kuchorea kalenda ya mwaka 2025, na kesho yake akaketi kuandika. Alitaka kujaza Jumanne zote za mwaka asioutarajia. Aliandika asubuhi, aliandika akisubiri dawa, aliandika dada yangu akiwa ameketi kando yake na kikombe cha uji kinachopoa. Machi ilipita hivyo.

Dada yangu ni mtu wa subira, lakini subira yake ina mwisho, na nilikuwepo ilipoisha.

“Fundi,” akamwambia, “unajipanga uwepo siku ambazo hutakuwepo. Leo upo. Mbona leo sikupati?”

Marehemu akasema, “Watu wananitegemea, Mwalimu.”

“Na mimi?”

Niliona aibu kuwa pale, nikajifanya natafuta funguo zangu. Wiki hiyo alimwita binti yake akamwomba aziondolee tarehe makala zote zilizobaki, zirudi kuwa rasimu. Kisha akaenda karakana kwa mara ya mwisho, akachomoa pini moja moja, akazirudisha kwenye kopo.

Jumanne ya tarehe 9 Aprili hakikutoka kitu. Simu zililia asubuhi nzima, na hakuna iliyopokelewa, kwa sababu marehemu na mkewe walikuwa barazani wakimenya viazi. Alimenya vibaya, maganda manene, nusu ya kiazi ikienda na ganda, na dada yangu hakumsahihisha. Jumanne zote zilizofuata zilikuwa hivyo. Dada yangu anasema katika ndoa yao yote hakuwahi kumpata mumewe mzima mzima kama alivyompata wakati huo. Nami nasema nilimpenda sana shemeji huyu, na inaniuma.

Alifariki nyumbani, Ijumaa, tarehe 14 Juni 2024, saa tatu asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mkewe. Alikuwa na miaka sitini na sita.

Ameacha mjane, binti na mkwewe anayetembea vizuri sasa, wajukuu wawili, dada yake mkubwa, mimi shemeji yake, na wasomaji ambao wengi wao hawajajua.

Jana jioni binti alitaka kuwatangazia, ila akahofia leo hatakuwa na nguvu. Akaandika mapema, “Leo saa nne tumempumzisha baba yetu,” na alikuwa anaipangia saa ya kutoka mama yake alipomwona.

“Wewe hasa!” dada yangu akasema. “Umesahau ulivyoolewa kabla hujaolewa?”

Shangazi mtu ndiye aliyeanza kucheka, kisha sote, kisha tukalia. Tangazo likafutwa.

Leo ni Jumanne. Blogu yake iko kimya, na itabaki kimya mpaka turudi nyumbani na udongo huu kwenye viatu vyetu. Hapo ndipo binti ataandika kwamba tumemzika. Kwanza tumzike.

Pumzika kwa amani, Fundi. Hakuna kinachokusubiri uandike.