Bi Subiri na Mpini wa Ufagio

Baada ya miaka thelathini na moja kwenye meza ya simu, mpokeaji simu wetu anastaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini. Jina lake halisi liko kwenye kitambulisho. Sisi na wateja wote wa maji tunamjua kama Bi Subiri, kwa kuwa kila anayepiga husikia kwanza, “Subiri kidogo, nakuunganisha.”

Bi Subiri haoni tangu utotoni, lakini sauti akiisikia mara moja haimtoki tena. Mteja aliyebadili jina ili alalamike upya aliulizwa kwa upole kama lile bomba la kwanza lilishatengenezwa. Aliyetukana aliachiwa amalize, kisha akaunganishwa moja kwa moja na meneja. Mameneja watatu wamepita hapa, na wote wamemlalamikia kwa hilo.

Kutoka getini hadi mezani kwake ni lazima avuke yadi, ambako mabomba hushushwa leo hapa, kesho pale, na fimbo yake nyeupe haifui dafu. Kwa hiyo kila asubuhi dereva wa gari la mafundi alimpa kiwiko, akakishika, wakaja wakibishana kuhusu mpira. Bi Subiri hajawahi kuona goli, na kwa kawaida ndiye aliyeshinda.

Kisha ukaja ugonjwa, tukaambiwa tusigusane. Kiwiko cha dereva kikakoma. Meza zikasogezwa, barakoa zikafifisha sauti, na watu wakawa wanasalimiana kwa kupunga mkono na kutikisa kichwa. Kwa asiyeona, hizo si salamu. Alisikia viatu vikija, vikapita, vikaenda zake, akadhani ametukosea. Nyumbani anaishi peke yake, na mpwa wake aliyekuwa akimpeleka sokoni hakuruhusiwa kutoka. Alitusimulia baadaye kwamba kuna siku mtu pekee aliyemsalimia alikuwa mteja mwenye maji machafu.

Ndipo mhasibu wetu, mtu wa mizaha, akaleta salamu ya viwiko. Alimgusa Bi Subiri kwa kiwiko. Bi Subiri akafanya alivyofanya maisha yake yote: akakishika, akainuka, akawa tayari kwenda. Mhasibu aliruka nyuma kama aliyekanyaga kaa la moto, na waliokuwepo wakacheka. Bi Subiri aliketi, akaweka mikono mapajani. Mwisho wa juma hilo alimwambia meneja kwamba anaacha kazi.

Aliyemzuia ni dereva. Alichomoa mpini wa ufagio mrefu wa yadi, akashika ncha moja, nyingine akampa Bi Subiri. Wakavuka yadi hivyo, umbali unaotakiwa ukiwa kati yao, wakibishana mpira kwa sauti ya juu. Mhudumu wa usafi alinuna, lakini habari za kuacha kazi hazikusikika tena.

Dereva aliugua mwaka uleule na hakurudi. Tulimzika watu wachache, kama ilivyokuwa siku zile. Jumatatu iliyofuata Bi Subiri alifika na mpini wake, akasimama getini, akangoja. Mwishowe akaingia peke yake, na tulisikia ile ncha nyingine ikiburutika korido nzima. Ilikuwa hivyo wiki baada ya wiki, na ilituuma.

Asubuhi moja sauti ile haikusikika. Mhasibu alikuwa ameinua ncha ya pili. Mpira haujui hata kidogo, na Bi Subiri alimwambia hivyo kabla hawajafika mlangoni. Ameishika tangu hapo. Hata ugonjwa ulipopungua na sisi wengine tukarudia kupeana mikono, wawili hao waliendelea na mpini wao, kila mmoja akimwonea mwenzake haya.

Bi Subiri, utakaposomewa haya, pokea shukrani zetu zote. Simu zako sasa ziwe za ndugu na marafiki tu, redio yako isikose betri, na maisha yakuendee vyema. Mpini tunaomba uuache, mhudumu wa usafi anaudai. Ijumaa jioni mhasibu atakusindikiza hadi getini, na ametutuma tukuambie kwamba safari hii kiwiko hakitaruka.