Marehemu Danieli Joel Nampoto na Sheria ya Mabibo

Marehemu Danieli Joel Nampoto alizaliwa hapa Mnyambe, Newala, tarehe 3 Juni 1957, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Joel na marehemu Mama Nancy. Alisoma hapa hapa mpaka darasa la saba, akamaliza mwaka 1972. Mwalimu wake alisema si mwepesi wa hesabu, ila kunyamaza ndiko asikoweza kabisa.

Alijifunza ufundi Masasi, akawa anatengeneza mashine za kupulizia mikorosho salfa, kuanzia Tandahimba hadi Lisekese. Lisekese ndiko alikompata Ethel. Siku ya posa wazee walimsubiri sana, kwa sababu aliiona mashine mbovu ya baba mkwe uani, akaanza kuifungua. Walifunga ndoa tarehe 22 Agosti 1981.

Mwaka 2010 alichaguliwa kuwa diwani. Wizi wa korosho ulipozidi, mwaka 2016 baraza lilitunga sheria ndogo ya kuuzuia. Marehemu mwenyewe alisimama akataka iandikwe kwamba ni marufuku kuchukua “zao lolote la mkorosho” katika shamba la mtu bila idhini yake ya maandishi, ili wezi wasipate pa kutokea. Hakuna aliyekumbuka bibo, tunda linalobeba korosho. Kwetu bibo lililoanguka ni la anayepita. Unanyofoa korosho, unamwachia mwenyewe shinani, unaondoka na bibo lako. Kila mtu anajua, ndiyo maana hakuna aliyeandika.

Novemba 2017 jirani yetu Bi Rahima, Mama Salmini, alikamatwa na ndoo ya mabibo ya kukausha. Korosho zote alikuwa ameziacha shinani. Marehemu alikwenda mahakamani kumtetea.

“Mzee, bibo linaota kwenye mti gani?” hakimu alimuuliza.

“Mkorosho, mheshimiwa, lakini sisi tulikusudia…”

“Mimi nasoma mlichoandika. Kama mlikusudia vingine, rudini mkaandike.”

Bi Rahima alihukumiwa kufagia zahanati mwezi mzima. Alipomaliza alimwambia marehemu, “Baba Esther, kufagia nimefagia. Ila mwizi siyo jina langu.”

Tangu hapo nyumba ya marehemu haikupumua. Marehemu alitaka sheria irekebishwe, na kila mwaka baraza likae litazame kama mahakama zinasoma sheria zake kama zilivyokusudiwa. Akaambiwa kikao kijacho. Kikao kijacho, mwanasheria yuko likizo. Aliporudi, akidi haikutimia. Hotuba zake zote za barazani alimsomea mkewe, Mama Esther, mezani, mpaka mama akasema, “Hapa siyo barazani, Baba Esther. Kula.” Madiwani wenzake wakamwita Mheshimiwa Bibo.

“Mheshimiwa Bibo, leo umeiva?”

“Nimeiva mpaka naoza, na ninyi bado mnatafuta kikao!”

Mwaka 2020 alikosa udiwani, lakini hakuacha kwenda kukaa viti vya nyuma. Marekebisho yalipita mwaka 2023, yakapelekwa juu kuidhinishwa, yakarudishwa kwa sababu wananchi hawakutangaziwa. Yakatangazwa, yakapelekwa tena. Mpaka tunasoma maneno haya, hayajarudi.

Presha ilimwanza mwaka 2022. Daktari alimkataza vikao; alikwenda. Oktoba mwaka huu, 2024, alipooza upande wa kushoto. Mabibo yalikuwa yameanza kuanguka. Bi Rahima alipokuja kumjulia hali, marehemu alimwambia akaokote shambani kwake.

“Siokoti. Sheria inataka maandishi. Niandikie.”

“Hata wewe, Mama Salmini?”

“Hata mimi. Nimefundishwa na mahakama.”

Alicheka mpaka Mama Esther akaja mbio na dawa. Kisha akaandika: “Mtu yeyote aokote bibo lolote shambani kwangu, wala asiitwe mwizi. Korosho aache shinani.” Akasaini. Alifariki nyumbani tarehe 9 Novemba.

Ameacha mjane, Ethel, watoto watatu, Esther, Zabroni na Flora, wajukuu, na mdogo wake Dickson, anayesoma wasifu huu. Familia inatangaza kwamba idhini yake itaendelea, sheria ije au isije.

Jana vijana walipokwenda shambani kuchimba kaburi, walikuta chini ya kila mkorosho, shinani, korosho zimepangwa vizuri. Bi Rahima alikuwa amepita.

Mwenyezi Mungu ampe kaka yetu mapumziko ambayo vikao vilimnyima.