Uvungu wa Mguu wa Bun-hiong

Nyuma ya hekalu la Mama Matsu, mungu wa kike wa bahari, pana njia ya kokoto ambayo watu wa mtaa huikanyaga peku kila asubuhi, ili kila jiwe liwaambie kiungo gani ndani ya mwili kina hitilafu. Pembeni yake pana benchi la zege, na benchi hilo lina wenyewe. Yupo Koplo, aliyekuwa akipima miguu ya vijana wanaoingia jeshini, na hajaacha kupima miguu ya watu mpaka leo. Yupo Tabibu, ambaye kaendesha teksi maisha yake yote, na udaktari wake wote kaokoteza kwa abiria waliokuwa wakienda hospitali. Halafu yupo Tsai Bun-hiong, fundi pampu mstaafu wa mabwawa ya samaki. Huyu wenzake wamembandika jina la Daraja, kwa sababu akikanyaga sakafu na mguu umelowa, unaona alama ya kisigino, unaona vidole, na katikati hakuna kitu. Panya anapita chini bila kuinama.

Asubuhi hiyo Daraja alitoka kwenye kokoto anachechemea, akajitupa benchini, akavua ndala zake za plastiki. Tabibu alikuwa ameshachemsha chai kwenye jiko la gesi na kumwaga mbegu za tikiti juu ya gazeti.

— Panauma wapi? — Tabibu akauliza, akimmiminia.

— Hapa chini ya vidole. Na kisigino.

— Na katikati?

— Katikati hapaumi.

Tabibu akaweka birika chini. Kwa mahesabu ya kokoto, katikati ya unyayo ni tumbo, na chini ya vidole ni mapafu.

— Basi mzee, tumbo lako ni chuma. Ila mapafu yamekwisha.

— Yamekwisha vipi? Sijakohoa tangu mwaka juzi.

— Ndiyo hatari yenyewe. Mapafu mazima hukohoa mara moja moja.

— Acha kamba, wewe — Koplo akadakia. — Katikati hapaumi kwa sababu hapagusi. Jiwe litamwambia nini wakati halijamfikia?

— Hapo sasa umesema — Daraja akasema.

— Mimi nimepima miguu. Wenye nyayo bapa tuliwarudisha kwao. Wenye nyayo zilizoinuka kama wewe tuliwapeleka bendi.

— Bendi?

— Chini ya mguu wako pana hewa, Daraja. Mtu mwenye hewa chini hapigi kishindo. Unampanga gwaride, haoni aibu, anapita kimya kama paka. Sasa umfanyeje? Mpe tarumbeta asikike.

Tabibu akapasua mbegu kwa jino, akatikisa kichwa.

— Huo ni ukoo tu. Babu wa babu yake alikuwa mkwezi wa mipopoo. Mguu ukazoea kukumbatia mti, ukasahau kujinyoosha.

— Babu yangu alifuga samaki.

— Na kabla ya samaki? Ulikuwepo?

Daraja akacheka, lakini kicheko hakikwenda mbali. Keshokutwa machela yenye sanamu ya Mama Matsu inatoka hekaluni, inabebwa mabegani kusini mpaka mahekalu ya ndugu zake na kurudi, zaidi ya wiki nzima barabarani, na yeye alikuwa na nadhiri ya kuifuata kwa miguu. Aliiweka mwaka jana, siku mkewe Siok-lan alipoingizwa chumba cha upasuaji. Daktari alimwita yeye na mwanawe kando, akawaambia ni saratani ya tumbo. Wakakubaliana, kama nyumba nyingi zinavyofanya, mgonjwa aambiwe ni kidonda cha tumbo tu asije akavunjika moyo. Siok-lan akapona. Sasa anakula, anagombana na wauza samaki, na hajui kitu. Wanaojua nje ya familia ni watu wa benchi hili.

— Kwani yule dada wa kliniki alikwambiaje? — Koplo akauliza.

— Kasema mguu wangu hauna kosa, ila mzigo wote unabebwa na kisigino na vidole, katikati panakaa bure. Kanichongea soli ya ndani ya kujaza ule uvungu. Kaniambia viatu vinene, vipana mbele. Nivivae kila siku nivizoee. Na nisukume ukuta, mguu mmoja nyuma, ninyooshe misuli.

— Na unafanya?

— Nifanyie wapi? Viatu viko kwenye buti la gari la Tabibu, nikivaa nyumbani Siok-lan ataniuliza nasafiri kwenda wapi. Juzi nimesukuma ukuta kidogo, akaniuliza ukuta umenikosea nini. Nikamwambia napima unyevu.

— Akaamini?

— Kanipa tambara nipanguse.

Koplo akasimama, akavuta suruali juu.

— Tusipoteze muda. Huyu alale kifudifudi hapa, mimi nisimame juu ya nyayo zake. Kilo zangu mnazijua. Jioni ziko sawasawa na sakafu.

— Ukisimama wewe atakuwa bata — Tabibu akasema. — Dawa ni andazi la mchele wa kunata. Unalikandika mle uvunguni likiwa la moto, linachukua umbo la mguu. Likipoa limeshika. Na njaa ikimkuta njiani…

— Alile?

— Nasema la akiba.

— Au apande basi — Koplo akasema. — Wangapi wanapanda basi, wanashuka karibu na hekalu, wanapiga magoti, wanapigwa picha? Mama hana roho mbaya.

— Nilisema kwa miguu — Daraja akajibu. Sauti ilimbadilika hata wenzake wakaacha kutafuna. — Nilisimama pale nje ya chumba cha upasuaji nikasema kwenda na kurudi, kwa miguu. Nikipanda basi, halafu ule ugonjwa ukarudi, nitamwambia nini Mama? Nitajiambia nini mimi? Naogopa, jamani. Wiki iliyopita nilijaribu kwa ndala hizi, nikafika pale kiwanda cha tofu nikarudi navuta mguu.

Hapo hakuna aliyekuwa na utani. Tabibu akaenda garini, akarudi na viatu, vyeupe na vinene. Daraja akavivaa, akafunga kamba, akasimama. Kwa mara ya kwanza katikati ya unyayo pakaegemea kitu. Akapiga hatua mbili tatu mbele ya benchi, na alipogeuka, Siok-lan alikuwa amesimama pale na kapu la mboga.

— Shemeji, karibu chai — Tabibu akasema haraka.

— Hivyo viatu vya nani?

— Vyangu — Daraja akasema.

— Vya kwenda wapi?

— Ni matibabu, shemeji — Koplo akaingilia. — Mapafu.

— Anamsindikiza Mama kidogo tu keshokutwa — Tabibu akasema papo hapo.

Siok-lan akawatazama mmoja mmoja.

— Kiatu hiki si cha kidogo. Una nadhiri?

Kusema uongo na hekalu liko mgongoni, Daraja hakuweza.

— Ninayo. Ya ulipopasuliwa.

— Nilipopasuliwa kidonda.

— Kidonda — wakaitikia wote watatu kwa pamoja.

Akatua kapu chini.

— Koplo, mkeo naye alipasuliwa kidonda mwaka ule ule. Ulimwahidi Mama nini?

— Mimi? Nilimpelekea machungwa.

— Machungwa. Na huyu wangu, kwa kidonda kama kile kile, anakwenda mpaka kusini na kurudi, kwa miguu ambayo hata sokoni haimfikishi. Kwa nini?

Koplo, mwenye maelezo ya kila mguu uliopata kuumbwa, akaziangalia kokoto. Tabibu akamimina chai kwenye kikombe kilichojaa, ikamwagikia gazeti.

Siok-lan akamkalisha benchini, akachuchumaa mbele yake, akaanza kulegeza kamba za kiatu pale zilipombana juu ya unyayo.

— Nimejua siku nyingi — akasema bila kuinua uso. — Tangu ulipoacha kunigombeza kwa chumvi. Miaka yote ya ndoa unalalamika chakula kina chumvi. Nimetoka hospitali, unakula, unasema kitamu. Nikajua hapa si kidonda, nilikuwa nimekufa.

Daraja alitaka kuomba radhi, alitaka kusema mambo mengi, machozi yakamtangulia. Akavuta pumzi.

— Supu ya jana — akasema — ilikuwa chumvi tupu.

— Najua — Siok-lan akasema. — Mwaka mzima nakuzidishia, nakungoja useme.