Kura Ambayo Seneta Brandvold Hakuipiga

Wasikilizaji wapendwa, Seneta Lowell Brandvold amefariki dunia akiwa na umri wa miaka themanini na minne. Aliiwakilisha Montana katika Seneti ya Marekani kwa miaka thelathini na sita. Miaka thelathini na sita, vipindi sita, na hakushindwa hata mara moja. Hata hivyo, hapa kwetu Garnet Falls wapo waliompigia kura huku wakimtilia shaka. Wa kwanza ni mdogo wake wa tumbo moja, Bi Arlys.

Shaka hiyo ina tarehe. Machi 1983, Seneti ilipigia kura mswada wa kuiokoa reli yetu. Kura zilifungana, mswada ukaanguka. Lowell alikuwa ukumbini, ameketi kitini pake, wala hakupiga kura. Alisema tu kwamba amewekeana ahadi na mwenzake asiyekuwepo. Kabla ya Krismasi karakana ya treni ilifungwa. Verlin, mumewe Arlys, alirudi nyumbani na sanduku lake la spana.

Arlys alimkabili kaka yake jikoni, akimenya viazi.

"Nani alikuziba mdomo, kaka?"

"Nilitoa neno langu, mdogo wangu."

"Kwa nani?"

"Hilo siwezi kusema."

"Basi viambie viazi. Labda vitakuamini."

Verlin alikufa akiamini kwamba shemeji yake aliwasaliti. Arlys naye aliamini hivyo. Sasa makaburi ya familia yamo mikononi mwake, na Lowell aliomba azikwe humo. Bila saini ya Arlys, hazikwi.

Jumanne alibisha hodi mzee kutoka Louisiana, Desmond Thibodeaux, seneta wa zamani wa chama pinzani. Arlys alimmiminia kahawa. Pai hakumkatia.

"Nani kakutuma?"

"Sijatumwa, Bi Arlys. Siku ile mke wangu Odile alikuwa mahututi. Mimi nilikuwa naupinga mswada, Lowell anauunga mkono. Nikamwomba: mimi nikikosa, nawe usipige. Na asinitaje mimi wala ugonjwa, Odile hakutaka ujulikane."

"Alifariki lini?"

"Siku mbili baadaye."

"Na miaka yote hii ulikosa stempu?"

Mzee aliinama. "Niliona haya kumfungua Lowell ahadi yake. Lakini ningekuwepo, kura zingefungana vilevile."

"Lakini hukuwepo."

Asubuhi iliyofuata, Arlys alipiga simu maktaba ya mji wa yule mzee, akaomba wamsomee tangazo la kifo cha Odile. Wakamsomea. Akaomba warudie tarehe. Ndipo akatia saini.

"Mzikeni karibu na mama," alimwambia mchungaji. "Upande wa Verlin msimsogeze. Yule hakuambiwa."

Mazishi ni Jumamosi. Kwa Bi Arlys, na kwa watoto wa marehemu, pokeeni pole zetu za dhati. Nasi tuliobaki tujiulize, wasikilizaji wapendwa: neno tulilolitunza kwa uaminifu, ni nani nyumbani mwetu aliyebeba uzito wake bila kujua?