Ufuta Uliokataa Kutoa Mafuta

Asubuhi ile baraza ya Kajificheni ilikuwa na kahawa tele na akili chache. Machano alikaa ukingoni, sufuria miguuni, jasho likimtiririka. Jioni binti yake wa pekee, Mwanakheir, angesingwa kwa mafuta ya ufuta, kesho aolewe. Naye Machano alijitapa mbele ya mashangazi wote kwamba mafuta ya mwanawe atayatoa kwa mkono wake, kazi nyepesi ile, wanawake wanaikuza tu. Sasa ufuta wote umekwisha na mafuta hayajaonekana hata tone.

— Ulifanyaje? akauliza Jecha, waliyemwita Redio.

— Nimekaanga, nimetwanga, nimetia maji, nimechemsha. Uchafu ukipanda juu, naengua, namwaga mtaroni. Nasafisha, yakhe! Chini nakuta makapi matupu.

— Ulitwanga umenuna. Ufuta unataka kuimbiwa.

Shaame Nahodha, ambaye hajapanda hata ngalawa, akaguna.

— Kuimbiwa nini? Ufuta wa Matemwe huo, umezoea upepo. Kuta nene za mjini zimeuziba pumzi. Ungetwangia darini.

— Darini! akadakia Redio. Wale ngamia wa kinu cha mafuta hufungwa macho kwa nini? Ufuta una haya, bwana! Machano, sema kweli, uliukodolea macho?

Machano akakumbuka. Wallahi, aliukodolea tangu alfajiri.

— Muda wote, akajibu kwa unyonge.

— Basi ndiyo hayo! Jifunge kitambaa, yachemshe tena hayo makapi.

Alikuwa keshajifunga, anapapasa sufuria, alipofika Bi Sichana, somo wa bibi harusi, mwenye kumfunda na kumsinga, kufuata mafuta.

— Shikamoo, Bi Sichana, akaamkia Nahodha.

— Marahaba. Huyu kapofuka lini?

Wakamweleza yote, kila mmoja akidai nadharia yake ndiyo. Akasikiliza mpaka mwisho.

— Nambieni, maji na mafuta, kipi hukaa juu?

Machano akavua kitambaa polepole. Mtaroni paka wa mtaa mzima walikuwa wanaramba, manyoya yanang'aa.

— Haya, akasema Bi Sichana, nani ataingia kumwambia Mwanakheir?

Redio akakumbuka ana mgonjwa wa kumtazama. Nahodha akageuza kikombe, kikavu. Machano alimwogopa mkewe, aliyekuwa ndani na bintiye, lakini aibu ya mwanawe ilimchoma zaidi. Akainuka, akabisha hodi nyumbani kwake mwenyewe.