Mchanga wa Zege na Taa wa Fundi Saa

Benchi lina miguu mitatu na tofali, limeegemea kibanda cha Fundi Saa. Kila asubuhi hukaa hapo Wembe kinyozi na Zege mwashi, Bi Kahawa akiwamiminia. Siku hiyo hata mpira haukutajwa. Ndani ya kibanda, kwenye tangi la kioo refu kama kitanda, samaki taa wa maji baridi, bapa kama sinia, alikuwa amejilaza kingo zimejikunja. Siku ya nne hajagusa chakula. Fundi Saa aliachiwa samaki huyo na marehemu kaka yake, aliyemwambia hospitalini neno moja tu: nitunzie. Roho ilikuwa inamuuma kwelikweli, ila mbele ya wale wawili alijikaza kiume.

— Bluu tena! Fundi Saa aliinua kichupa cha kupimia. Jana nimebadilisha maji, nikapima, kijani safi. Leo bluu. Yana ukali wa chokaa, na huyu anataka maji laini.

— Bluu si ndiyo rangi ya bahari? alisema Zege. Mtilie chumvi kilo mbili, ajisikie kwao.

— Kwao mtoni, Zege! Ukimtilia chumvi umemzika.

— Basi ni kioo, akadakia Wembe. Anajiona, anadhani kuna dume jingine. Hata wateja wangu wengine wakishajitazama kwenye kioo hawali siku nzima.

— Hao umewanyoa vibaya, alisema Bi Kahawa.

— Au ni bomba, mama. Tangu walibadilishe, maji yanakuja na hasira. Mke wangu akiyanywa tu, ananigombeza.

— Na asipoyanywa?

— Ananigombeza pia. Ila kwa kituo.

— Semeni yote, mchanga wangu msiuguse, Zege alionya. Kokoto zilikuwa zinamchuna tumbo, nikamletea mchanga laini kama unga. Nimeuchekecha mara tatu kwa mkono huu!

Hapo akaingia dada mmoja aliyeleta saa iliyokatika mkanda. Akainama, akachungulia tangi.

— Samahani kaka zangu, huu mchanga wa wapi?

— Wa mtoni, dada. Mtoni kabisa.

— Mbona mweupe hivi?

Wembe akamtazama Zege. Zege akatazama ndani ya kikombe chake.

Bi Kahawa akachomoa chupa ya siki kikapuni.

— Hii naondolea gamba la birika. Gamba lile ni chokaa, likiguswa na siki linatoa povu. Hebu lete huo mchanga.

Fundi Saa akaweka kiganja kimoja cha mchanga kwenye kisosi. Siki ikadondoka. Povu likachemka mpaka pembeni.

— Zege!

— Ulikuwa na weusiweusi, Zege alisema kwa sauti ndogo. Nikaona mtoto wa marehemu alale pa heshima. Nikauchanganya na unga wa makombe ya baharini, ule ninaong'arishia kuta.

Fundi Saa alitaka kufoka. Akakumbuka kwamba Zege ndiye aliyebeba jeneza pamoja naye, bega kwa bega, na hasira ikamwisha.

— Tumwage maji yote sasa hivi! alisema Wembe, mikono keshaikunja.

— Utamuua kwa mshtuko. Mimi ni fundi saa, bwana. Ndoo moja moja.

Wakauzoa mchanga wote, sakafu ya kioo ikabaki tupu. Ndoo moja asubuhi, moja jioni, za maji yaliyolala usiku kucha ili dawa ya bomba ipungue. Siku ya tatu kichupa kikawa kijani. Siku ya nne kikabaki kijani.

— Mpe wewe, Fundi Saa alisema, akamkabidhi Zege kamba mmoja.

Zege akamdondosha kamba majini. Taa akakunjua kingo, akaja akipepea chini kwa chini, akamfunika yule kamba. Alipopita, hakukuwa na kamba.

— Amekula! Wembe alipiga kelele hadi wateja wake wakatoka nje na mapovu ya sabuni mashavuni. Amekula jamani!

— Kaka, anakula! Fundi Saa alimwambia marehemu, na machozi yakamtoka mchana kweupe, wala hakuyafuta. Zege alikuwa akimkumbatia huku akiomba kamba wa pili. Bi Kahawa akammiminia kila aliyepita, bure, mpaka birika likatoa tone la mwisho.

Ndipo yule dada akarudi, akapenya katikati ya shangwe.

— Hongereni jamani. Na saa yangu?

Fundi Saa akamtazama Wembe. Wembe akamtazama Zege. Zege akatazama ndani ya kikombe chake, na kahawa ilikuwa imekwisha.