Sufuria ya Ushahidi

Jumatatu, tarehe 11 Juni. Asubuhi kulikuwa na manyunyu na upepo wa baridi kutoka baharini. Ndani ya treni ya mjini nilifumba macho nisali, lakini masikio hayana vifuniko.

"Jiji liwe na mahakama yake," alisema Mama Nozuko, anayeuza magwinya, yale maandazi ya kukaanga, nje ya kituo chetu. "Sufuria yangu ilikamatwa kwa kosa la kuuza njiani. Mwezi wa kumi na nne huu iko stoo, eti ushahidi! Kila nikifika kwa hakimu, kesi za mauaji zinatangulia."

"Ulitaka zisitangulie?" aliuliza mwanamume aliyeketi mbele yake. "Mama, mimi ni askari wa jiji. Nikukamate mimi, halafu hakimu alipwe na bosi wangu? Utamlilia nani?"

"Afadhali nihukumiwe upesi kuliko kuzeekea kwenye benchi. Mwezi uliopita nikaitwa, askari aliyenikamata hakutokea. Ikaahirishwa tena."

"Askari gani?"

"Mabandla."

Yule bwana alivua kofia. Behewani hakukuwa na joto.

"Mabandla niko naye zamu moja," alisema. "Kesi lini?"

"Keshokutwa. Lakini mahakama ya jiji bado naitaka, bhuti, kaka yangu."

"Na mimi bado naikataa."

Treni ilipunguza mwendo. Alisimama, akatutazama sote.

"Ila keshokutwa nitamleta mwenyewe, hata kwa kumshika mkono. Nyote mmenisikia."

"Tumesikia," tulijibu. Mimi niliongeza amina, na milango ikafunguka.